Karatasi ya Kisima

Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu 2025

Shemeki Esdras,

Nakusalimia wewe, Mama Kahongya na batoto yote ya nyumba. Nakuandikia kwa mukono juu simu yako hainipokee tena. Nilipiga mara saba. Éliakim, shofere wa taxi-bus, njo aliniambia: "Eh, Mama Abigaïl, shemeki amekufungia namba. Andika tu, miye napita Beni kila siku, nitamupa mu mukono." Donc uvumilie mwandiko yangu. Unajua nilifikaka tu mwaka wa ine ya primaire. Sasa najifunza tena na bamama wengine ku kanisa, siku ya pili na siku ya ine ya kila juma.

Abigaïl amefikisha miaka mbili. Anakimbia, anaanguka, anacheka mwenyewe. Tangu Salomon, baba yake, afe na pikipiki kule karibu na Kirumba, kila mwanaume mwenye kofia yeye anamuita papa. Bantu banacheka. Miye pia nacheka, kisha naingia mu nyumba.

Shemeki, karatasi yenye ulituma nimeisoma. Inasema jamaa yetu inauza parcelle yote, kiwanja nzima, kwa yule patron mwenye pesa, na kisima ya avenue iko ndani ya mpaka yetu tangu zamani za baba mukwe. Chini kuko jina yako, na fasi ya jina yangu: "mujane wa Salomon, kwa sehemu ya marehemu." Nilishika bic nisinye. Nikaiweka chini.

Kisima si yetu. Tangu niolewe miaka ine naona bantu ya avenue yote banachota pale bila kuomba mutu. Patron akijenga lupango kuzunguka kisima, bataenda wapi?

Mwalimu wetu, Mama Léa, alitufundisha kwamba Katiba haina tu haki, iko na wajibu ya raia pia. Nilifikiriaka wajibu ni ya basoda wenye bunduki na ya bakubwa ya Kinshasa. Article 67 inasema kila Mukongomani eko na wajibu wa kulinda mali ya watu wote. Nikauliza: "Hata mwanamuke mwenye kuuza makala ya kupikia?" Bamama bakacheka. Mwalimu akasema: "Imeandikwa kila. Wewe uko inje ya kila?"

Shemeki, ondoa neno kisima mu karatasi. Nitasinya siku ileile.

Ni miye muke ya ndugu yako,
Joyeuse

---

Beni, 6 Machi 2025

Joyeuse,

Sina salamu ya kukupa.

Nina diplôme d'État. Nimeishi miaka arobaini na moja. Sijawahi kuona mwanamuke wa ine ya primaire akimufundisha mukubwa wa jamaa Katiba. Sasa nimeona, Mungu amenipa yote.

Katiba! Katiba inakupikia sombe? Nikuambie mambo ya Katiba. Shamba yangu ya kakao iko kilomita kumi na tano kutoka hapa. Miaka mbili sijaikanyaga, juu ya vita, mwenye anaenda kule harudi. Majani imefika urefu ya mutu, na kakao yangu anavuna nani sijui. Nani alitimiza wajibu yake kwangu? Andika article yake, nitaibandika ku mulango. Niko na batoto sita na Mama. Nimebakia na parcelle ya Butembo, na wewe unaniletea masomo ya bamama ya kanisa.

Tena hata kusoma hujui. Unasoma nusu. Article ileile 67 inamaliza: na kuheshimu mali ya wengine. Mwalimu wako alikohoa alipofika pale? Parcelle ni ya baba yangu. Nyumba unalala ni ya baba yangu. Tulipeleka kwenu Kipese mbuzi kumi na mbili za mahari, zote nzima, baba yako aliangalia meno ya kila moja. Donc mutoto ni wa jamaa yetu, na wewe uko pale kwa sababu ya mutoto. Usisahau hiyo.

Sinya karatasi. Umupe Éliakim.

Esdras

---

Butembo, tarehe 11 mwezi wa tatu

Shemeki Esdras,

Nakusalimia, hata kama salamu hutaki.

Ulisema kweli. Article iko na miguu mbili, na miye nilisimama ku mumoja. Nilimuuliza Mwalimu mbele ya bamama wote. Akasema: "Shemeki yako eko na haki, mali ya mutu iheshimiwe. Sasa tafuta kisima ni mali ya nani." Donc nakuuliza wewe, juu Salomon hakuniambiaka, na baba mukwe nilimukuta ameshakufa.

Lakini kwanza nikuambie kitu niliona. Siku ya kwanza ya juma hii bantu babili balikuja na panga na jembe. Bakang'oa miti ya mpaka yenye ilikuwaka kule juu, nyuma ya migomba, bakaipanda chini ya kisima, karibu na barabara. Nilibauliza: "Nani amebatuma?" Mumoja akasema: "Mwenye nyumba. Wewe ni nani?" Udongo ungali mubichi pale, na majani ya ile miti imelegea. Bantu banapita, banaangalia, banatema mate.

Mama mumoja mukimbizi wa Kanyabayonga alikuja na bidon mbili na mutoto ku mugongo. Akaniuliza: "Dada, ni kweli banafunga? Tutachota mu Kimemi?" Shemeki, unajua maji ya Kimemi, mule bantu banatupa kila kitu. Mutoto wake ni kipimo ya Abigaïl. Nilimusaidia kubeba bidon moja mpaka ku barabara.

Sasa uniambie. Hii kisima, nani aliijengaka? Nani aliweka mawe na ile bomba? Kama ni baba mukwe kwa mukono yake, nitakuamini, na nitasinya, na nitamuambia ule mama wa Kanyabayonga ukweli mu macho yake.

Joyeuse

---

Beni, 14 Machi 2025

Joyeuse,

Unauliza nani alijenga. Vizuri. Fungua masikio.

Ni mimi. Baba alikuwa muzee tayari, mugongo ilimukatalia. Tangu 2011 mpaka 2016, kila siku ya posho, ile ya sita ya juma, saa moja ya asubuhi, wakati wewe ungali unalamba makamasi kule Kipese, mimi Esdras nilibeba mawe ku mabega kutoka Kimemi mpaka pale. Uliza Abdias, chef wa avenue! Aliandika jina yangu mu kaye, daftari ya salongo, kila posho, na akanipa jeton ya kuonyesha nilifika, na sikukosa hata siku moja. Wengine balilipa amende ya kukosa, wengine balijificha chini ya kitanda. Mimi hapana. Zile jeton niko nazo bado, ziko mu valise, ukitaka nitakumwagia mbele ya macho yako. Ile bomba ya chuma tuliishika bantu kumi, na mimi nilikuwa mbele.

Donc niambie, nani eko na haki kunipita? Hao bakimbizi bamefika juzi na godoro ku kichwa? Mutu akibeba mawe miaka tano, ile kitu ni yake. Hakuna haja ya Katiba, mutoto wa maternelle anaelewa.

Nimechoka na karatasi zako. Pasaka ikifika na sahihi haiko, utatoka mu nyumba na kitenge yako na sufuria yako. Mutoto atabakia. Mama atakuja kumukamata. Sikuombe, nakuambia.

Esdras

---

Butembo, tarehe 20 mwezi wa tatu

Shemeki Esdras,

Barua yako nimekaa nayo siku tano. Nilimupelekea Mwalimu juu ya yale Kifaransa. Akasoma, akasoma tena. Akaniuliza: "Aliandika mwenyewe, kwa mukono yake?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Basi amekujibu."

Miye sikuona. Akanionyesha na kidole. Shemeki, salongo ni kazi ya watu wote. Chef hawezi kuita avenue nzima kulima maharagi ya mutu mumoja, na haandikake jeton ya kufagia mu lupango yako. Kama kisima ilikuwa yenu, bale bengine balikuwa banafanya nini mule kila posho? Ulibapikia? Ilikuwa harusi? Na wenye balikosa, kwa nini balilipa amende ku bureau, hapana kwako?

Wewe mwenyewe ulisema ni ya avenue. Ulisema na mabega yako, miaka tano, mbele bakimbizi bafike. Nilipoelewa, ukweli, nilisikia furaha kidogo juu yako. Nikawaza: kumbe shemeki alikuwa mutu wa kwanza kufanya ile wajibu, mbele hata miye nisikie jina yake.

Sikukutegea mutego. Nilikuuliza juu sikujua.

Posho tarehe 29, Papa Abdias atashuka ku kisima na bazee na patron, kuangalia mpaka. Ameniita niseme. Barua yako iko ku miye, hakuna mwingine eko nayo. Ukiondoa neno kisima mbele ya ile siku, nitaitia mu mukono ya Éliakim, itarudi kwako, na mudomo yangu itafungwa. Hiyo nakuahidi.

Lakini ukiacha vile, na banione pale baniulize, sitasema uwongo. Naogopa, Shemeki. Tangu ulisema Mama atakuja, hata nikipika, hata nikifua, Abigaïl eko ku mugongo yangu. Anakataa, anataka kukimbia. Namufunga tu.

Nakungojea.

Joyeuse

---

Beni, 24 Machi

Rudisha barua yangu.

Éliakim amesimama mbele yako sasa, umupe. Barua niliandika mimi, karatasi nilinunua mimi, ni mali yangu. Article yako 67, mukuu wa shule: heshimu mali ya wengine.

Karatasi ya parcelle sibadilishe hata koma.

E.

---

Butembo, 24/3

Shemeki, Éliakim ananingojea, ameacha moteri inawaka na bantu ya ndani banamutukana, donc ni maneno kidogo.

Barua ulinitumia, jina yangu iko juu yake. Nilikuambia namna gani itarudi. Namna ingine haiko.

Joyeuse

---

Beni, 3 Aprili 2025

Mwanamuke,

Umefurahi? Umekula, umeshiba?

Nimezaliwa mu ile avenue. Nimebatizwa kule. Na posho ile, mbele ya bantu hata sikubahesabu, Abdias anavaa miwani yake na anasoma barua yangu kwa sauti kama tangazo ya kanisa. Alipofika pale "zile jeton niko nazo bado", watu bakapasuka. Yule muuza nyama akapiga kelele: "Esdras, mwaga valise tuone!" Hata bazee bakaficha mudomo na kofia. Patron alifunga kaye yake, akaingia mu jeep, hakuniaga. Na ile miti ya mpaka, batoto bakaing'oa bakaanza kupigana nayo kama mapanga.

Na wewe ulisimama pale na mutoto ku mugongo, unaangalia chini, kama mutu mutakatifu. Niliona. Ni heri ungecheka.

Sasa nisikie. Siku ya pili ya juma hii nilimutuma Mama kuleta mutoto, kama nilisema. Jana amerudi. Peke yake. Ameweka kikapu chini, amekaa ku kiti yake, hasemi. Namuuliza: "Mama, mutoto iko wapi?" Ananiangalia kama mimi ni mutu wa kupita. Namuuliza: "Walikupiga?" Anafunga macho. Ana miaka sabini na mbili! Umemufanya nini mama yangu? Ulimufungia mulango? Ulimuitia polisi? Ulimutisha na hiyo kitabu yako? Kama ulimugusa hata kitambaa ya kichwa, hakuna Katiba itakuficha.

Posho ya Pasaka ninakuja na kufuli. Nyumba itafungwa, uwe ndani ao inje.

Esdras

---

Butembo, tarehe 8 mwezi wa ine

Shemeki Esdras,

Mama hakupigwa, hakutishwa. Nitakuandikia yote namna ilikuwa, na wewe umusomee, kama nimeongeza neno yeye atasema.

Lakini kwanza, ile ya posho. Nilimuomba Papa Abdias asome tu mistari ya salongo, kisha anirudishie. Akasema barua haikatwe kama nyama. Kicheko yao iliniuma. Niliangalia chini juu nilikuwa nasikia haya yako ku uso yangu. Hiyo hutaamini, lakini nimeiandika.

Sasa Mama. Alifika siku ya pili, mchana. Abigaïl alikuwa anakula maharagi, mikono yote mu sahani. Mama hakuketi. Akasema: "Nimekuja kubeba mutoto ya mwana wangu." Nikasema: "Karibu Mama, kula kwanza." Akasema: "Sikukuja kula." Unamujua.

Unajua pia namna avenue yetu iko tangu vita: mutu akilala kwa mwingine, ao akitoka, anaandikwa ku chef. Hata mutoto. Nikafunga Abigaïl, tukaenda kwake sote batatu. Papa Abdias akafungua kaye. Akauliza: "Nani anabeba, nani anatoa, juu ya nini?" Mama akajibu: "Andika tu nabeba mujukuu wangu." Papa Abdias akasema macho imechoka, akanipa bic miye. Mama hajui kuandika, na miye njo nilikuwa pale.

Shemeki, uangalie ku kaye siku utafika, herufi zinapanda zinashuka. Niliandika: "Miye Kahongya nabeba mutoto Abigaïl. Mama yake hajakubali. Mama yake eko muzima, anamulisha, hajamutupa." Nikamusomea kwa sauti.

Mama akasema: "Toa ile ya katikati."

"Gani, Mama?"

"Ile ya hajakubali."

"Niandike nini fasi yake, Mama? Kwamba nimekubali?"

Mama akasema: "Andika tu nabeba." Papa Abdias akamuambia polepole: "Mama Kahongya, mu kaye ya chef hakuna tu."

Nikamuambia kitu moja, na hiyo njo Katiba yote nilimuambia: kulea mutoto ni haki na ni wajibu ya muzazi, article 40, na hata mutu akinitolea ile haki, wajibu itanifuata mpaka Beni kwa miguu. Hapana kitisho. Nililia nikisema.

Papa Abdias akasukuma ile kisanduku ya wino. Mama akatia kidole gumba. Akaiinua juu ya karatasi. Akaisoma ile karatasi na macho yake yasiyojua kusoma, sijue aliona nini. Kisha akapangusa kidole ku kitenge yake, alama ingali mule, uangalie. Akasema: "Hii kidole nilitia ku karatasi ya ndoa, na ku karatasi ya kumuzika Salomon. Sitatia hapa."

Akamutoa Abigaïl ku mugongo yangu yeye mwenyewe. Akamubeba mpaka ku barabara, wakaongea mambo yao ya Kinande, kisha akanirudishia. Alilala kwetu, asubuhi akapanda gari. Kula alikula. Maharagi yote.

Kama hasemi, si miye nimemufunga mudomo. Labda anangoja umuulize neno ingine kuliko "mutoto iko wapi".

Sasa ile kufuli. Sitoki. Siyo kiburi. Parcelle ni ya bandugu babili, na mumoja aliacha mutoto. Ukileta kufuli, nitakaa mu mulango, nitapika pale, nitafua pale, na watu bataona, na haya itatushika sote. Sipendi hiyo. Juu najua shamba yako ya kakao imepotea, na batoto sita banakula kila siku. Nilikosa mu barua ya kwanza, nilikuandikia wajibu yako, sikuuliza mateso yako.

Yule patron alirudi jana. Eti migomba kule juu anaitaka bado, hata bila kisima. Hiyo sehemu ni yako, hakuna mutu wa avenue atakataa, na Papa Abdias mwenyewe atakuwa shahidi.

Andika, Shemeki. Nitasoma.

Joyeuse

---

Beni, 17 Aprili 2025

Joyeuse,

Usifikiri umeshinda. Usifikiri ni Katiba.

Ni Mama. Siku kumi na tano haketi ku meza yangu. Anakula kwa jirani, pale inje, mbele ya watu wote, sahani ku magoti, kama mutu asiye na mwana. Jirani ananisalimia na sauti ingine. Nilimusomea barua yako mpaka mwisho. Nikamuuliza: "Ni kweli?" Akasema: "Hata maharagi ni kweli." Kisha akaomba chumvi.

Karatasi mpya iko mu enveloppe hii. Mpaka inapita nyuma ya migomba, fasi baba aliiweka. Miti nitapanda mwenyewe, na si kwa sababu umeniomba. Kisima haiko mule. Nyumba na nusu ya chini zimeandikwa kwa jina ya mutoto wa Salomon, si kwa jina yako, hiyo uielewe vizuri: wewe unakaa mule kwa kumulinda, basi. Abdias atasinya, patron atasinya, na wewe.

Sijakusamehe ile posho. Nikipita mu avenue, nitapita upande ingine.

Nimeandika mara tatu, mbili nilipasua. Usiniandikie tena, isipokuwa ukiona uwongo mule ndani.

Esdras